Ngazi za Bi Noreen na Mkopo wa Bahati

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Mama Hien hapa Maryborough, kwenye kona ambapo barabara inayotoka mtoni inakutana na ile inayopanda Mlimani. Lina kibao cha shaba kinachosema limewekwa kwa kumbukumbu ya marehemu Clarrie Voss, aliyeipenda kona hii. Clarrie hakuipenda kona hii hata kidogo, alikuwa anapita tu kwenda kulipa bili ya maji, lakini kibao kimeshapigiliwa na sisi tumeshakaa. Mji wetu una tabia ya kumpa mtu jina la kinyume. Nev Pratt tunamwita Kasi, kwa kuwa akianza kuvuka barabara unaweza kwenda kuagiza kahawa, ukarudi, na bado hajafika. Des Mulcahy ni Kifupi, na huinama kwenye kila mlango. Lorraine Hackett, aliyefanya kazi saluni maisha yake yote, anaitwa Kimya, na sababu mtaisikia wenyewe. Mimi ni Nywele, na kichwani sina hata unywele mmoja. Garth Zunker, fundi wa mafriji, mdogo kuliko sisi sote, tunamwita Bahati. Asubuhi ninayoisimulia, Bahati alikuwa na miadi benki saa nne, na Mama Hien alikuwa amempa pai ya bure, jambo ambalo huwa anawafanyia wafiwa.

Nyumba ya Bahati ilikuwa Mtaa wa Chini, karibu na mto. Nyumba ya mbao, ya zamani, ina veranda pande tatu, imesimama juu ya nguzo ndefu kupita mtu kama zote za mtaa ule, ili mto ukifurika upite chini ukaendelee na safari zake. Hiyo ilikuwa akili ya wazee, ila wazee hawakumfikiria mama mkwe. Bi Noreen, mama yake Janelle mke wa Bahati, alihamia pale akiwa na magoti mazima. Baadaye magoti yakagoma, na ngazi za nyumba ile zimesimama wima kama za meli. Tangu Pasaka alikuwa hajashuka. Aliteremsha kikapu kwa kamba, mtu wa posta akatia barua, Mama Hien akatia mkate. Watoto wanne walilala chumba kimoja, na Bahati na Janelle walilala upande wa veranda uliozibwa kwa turubai.

Nyumba bora ilikuwa Mlimani. Mlima wenyewe ni mwinuko tu, mgeni anaweza kuupanda asijue, lakini mto haujawahi kuugusa. Ilikuwa nyumba ya matofali, ina vyumba vinne, imekaa chini sawa na majani, unaingia kwa kunyanyua mguu mara moja. Tulikwenda wote kuiangalia, kwa sababu hatukuwa na kazi. Tuliegesha magari kwenye kiwanja kitupu cha jirani, Kifupi akatundika kofia yake kwenye bango la dalali lililokuwa pale, tukala pai tukiwa tumeegemea pikapu ya Bahati, tukakubaliana kwamba nyumba ni nzuri. Benki ikakubali kukopesha. Ilibaki saini.

Na kurudi nyuma kulikuwa hakuwezekani tena. Ardhi ya Mtaa wa Chini haina mnunuzi, halmashauri imekataza watu kujenga tena kule, lakini nyumba zenyewe zinatafutwa sana, mbao za aina ile hazipatikani siku hizi. Alikuja bwana mmoja anayehamisha nyumba, akagonga kuta, akachungulia chini ya sakafu, akalipa. Jumatatu nyumba ingekatwa vipande viwili, ikapakiwa kwenye malori na kwenda kwa mtu aliyeinunua, ambaye Bahati wala hakuuliza ni nani. Pesa zile alizitoa kama kianzio cha nyumba ya Mlimani. Asipotia saini leo kianzio kinarudi, lakini Jumatatu watoto wanne na bibi yao wanabaki na nguzo.

— Miaka mingapi? aliuliza Kasi, ambaye alikuwa ameambiwa wiki nzima.

— Thelathini, alisema Bahati. Nikimaliza nina sabini na moja.

— Ukifika, alisema Kimya.

— Lorraine, mwache mtu anywe kahawa yake, nikasema.

— Kwani nimemwagia? Namweleza anachokwenda kukutana nacho. Mimi nimewakata nywele mameneja wa benki, na mtu ukimshika kichwa hafichi kitu. Kabla hawajaangalia mshahara wako wanaangalia meno. Mwenye meno mazuri ataishi, atalipa. Meno yakiwa na mashaka wanapandisha riba.

Bahati alifunga mdomo. Meno yake mawili ya mbele yalibaki kwenye uwanja wa raga akiwa kijana, na ndiyo asili ya jina lake.

Akatuambia kwamba meno hawajayauliza, ila wameuliza pai. Benki ilikuwa imechambua matumizi yake ya miezi mitatu, na yule binti wa mikopo akataka kujua haya malipo ya kila asubuhi kwa duka la mikate ni ya nini, na kama ataweza kuyaacha. Bahati alijibu kwamba ataacha. Hapo Mama Hien, aliyekuwa dirishani akipanga maandazi, alitoka nje na koleo mkononi. Akasema kuanzia leo atamwandikia risiti ya mkate tu, mkate ni chakula cha familia, na kama benki inataka kujua tofauti ya mkate na pai ije yenyewe ionje. Kisha akarudi ndani, na tukakubaliana kwamba mji huu ungekuwa na mkuu wa benki kama yule tungekuwa mbali.

— Mimi sijawahi kukopa, alisema Kasi.

— Wewe hujawahi kununua, alisema Kimya.

Kasi hakukasirika, hukumu ya Kimya humfikia kesho yake. Alianza kueleza, neno moja moja, maisha ya karavani. Yeye anaishi kwenye karavani kule kando ya uwanja wa maonyesho tangu mkewe alipoondoka. Ngazi zake mbili tu, na ya pili huikanyagi kama una haraka. Ushauri wake ulikuwa Bahati achukue karavani tatu kuukuu, aziunganishe matako kwa matako, atoboe milango katikati. Mto ukija, anafunga mnyororo kwenye pikapu, anaondoka na familia nzima wakiwa wamelala.

— Na kona hii atapindaje? aliuliza Kifupi. Hiyo si nyumba, ni gari moshi.

— Taratibu, alisema Kasi.

Kifupi alikunja miguu yake mirefu chini ya benchi, dalili kwamba sasa zamu ni yake. Aliendesha winchi kwenye kiwanda cha sukari mpaka alipostaafu, na hakuna shida ya binadamu ambayo yeye haioni kama mzigo unaosubiri kunyanyuliwa.

— Nyinyi mnazunguka, alisema. Mrudishie yule bwana wa malori pesa zake, nyumba haina kosa. Watoto wanapanda, wakubwa wanapanda. Asiyepanda ni mmoja. Sasa unakopa nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja? Kopa winchi. Ipo moja imelala pale kiwandani, mimi nilikuwa nanyanyulia tani nne za miwa. Bi Noreen hafiki hata robo.

— Muulize mwenyewe, alisema Kimya.

— Unafunga boriti juu ya veranda, unateremsha kiti, anakaa, namshusha dukani kama yai. Alasiri namrudisha.

— Ile winchi iliyomwangusha fahali wa maonyesho?

— Fahali alitikisika. Bi Noreen tutamwambia asitikisike.

Nikamwambia Kifupi kwamba winchi itamtoa bibi nyumbani, sawa, lakini haitaongeza chumba. Akajibu kwamba vyumba vitajengwa chini, kati ya nguzo, pana nafasi tele. Kasi akasema hapo chini ndipo mto unapopita. Kifupi akasema basi kata nguzo, nyumba ishuke mpaka chini, na ngazi zitakuwa zimekwisha zenyewe. Tukamwuliza na mto? Kimya akainuka kabisa kwenye benchi, kikombe mkononi, akamwambia kwamba tatizo si urefu wa nyumba, tatizo ni mahali ilipo, hata ungeikata nguzo au ungeipandisha hadi mawinguni mahali ni palepale. Aliyasema haya mbele ya mashahidi wanne. Kifupi akasema kwa hilo kuna mapipa. Mapipa ya plastiki ya kiwandani, mia moja, yafungwe chini ya sakafu. Mto ukija nyumba inaelea, umeifunga kamba kwenye nguzo ya umeme, maji yakipungua inatua.

— Inatua wapi? nikauliza.

— Humo humo. Labda kwa jirani.

Kwa kuwa kahawa ilikuwa bado ipo na saa nne ilikuwa bado kidogo, Kimya alitoa lake la mwisho. Alilitoa kwa sauti ya chini, kitu ambacho kilituogopesha. Alisema Bi Noreen ni mjane, ana pensheni na anajua kupika nyama ya kondoo. Kasi ni mtu mzima, hana deni, na karavani yake ina ngazi mbili. Kwa hiyo hakuna haja ya benki, wala ya winchi. Tunahitaji mchungaji na keki tu.

Tulicheka mpaka Mama Hien akachungulia. Kasi peke yake hakucheka. Alitazama kikombe chake kwa muda mrefu, sote tukasahau, Kifupi akarudi kwenye mapipa yake, ndipo Kasi akauliza:

— Ana mbwa?

— Nani?

— Bi Noreen. Mimi karavani sitaki mbwa.

Bahati alicheka pamoja nasi, lakini alicheka kidogo na kisha akaweka pai yake chini bila kuimaliza. Nilimwona. Ni kijana mwenye mikono minene, ya mafuta, na kwa mikono ile alikuwa anapangusa makombo yasiyokuwepo. Nilimhurumia sana, kwa sababu sisi tulikuwa tunacheza na yeye hakuwa anacheza.

— Mnakumbuka mafuriko yaliyopita, alisema.

Tulikumbuka. Mimi na Kifupi ndio tuliombeba Bi Noreen kwenye kiti cha jikoni, yeye akishika mwavuli, maji yakiwa kwenye ngazi za katikati. Kifupi alikuwa chini kwa sababu ya urefu, mimi juu, na bibi katikati akitutukana kwa heshima.

— Amesema hatashuka tena, alisema Bahati. Mezani, mbele ya watoto, kabla sijaiuza nyumba. Amesema nyinyi wote ni wazee sasa, mgongo wa Des umekwisha, na yeye hataki kumuua mtu kwenye ngazi. Mto ukija tuwachukue watoto, tumwache huko juu na redio yake. Na hakusema kwa hasira, Nywele, alisema huku anapaka siagi. Janelle hajalala tangu siku ile. Mvua zinaanza baada ya Krismasi. Sasa mimi nifanye nini, nikatie saini nife na deni, au nikae kwenye mapipa?

 Kifupi alipapasa mgongo wake. Kimya alimwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, kwamba aende akatie saini, na kuhusu meno aongee bila kucheka. Kasi alisema yeye atapunguza pai moja kwa wiki ampe Bahati. Mimi nikasema maneno ambayo mtu husema, kwamba nyumba ni nyumba na deni huzoeleka, na kwamba njia nyingine haipo. Nakumbuka nilisema hivyo hasa, njia nyingine haipo.

Ndipo akaja yule mama. Hatukumjua. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia pana ya majani, ameshika rundo la karatasi zilizochapwa, na alitusalimia mmoja mmoja kama watu wa Brisbane wanavyofanya wakihamia mji mdogo. Alisema anaitwa Imogen Farrow, alikuwa mwalimu wa muziki, amestaafu, na amekuja kutuomba radhi mapema.

— Kwa kosa gani? aliuliza Kimya.

— Jumatatu nyumba yangu inapita hapa. Wale mabwana wa malori wamepima kona, wanasema itapita, ila hili benchi itabidi liondolewe kwa saa chache. Na kama kuna mwenye gari hapa mbele, alisogeze.

Kila mtu alijisogeza kidogo kumpisha akae, maana mtu ambaye nyumba yake inakuja hastahili kusimama. Nikamwuliza inatoka wapi.

— Hapo Mtaa wa Chini. Ile yenye veranda pande tatu. Niliiona mara moja tu nikampenda mwenye kuijenga. Na inakwenda hapa hapa juu, Mlimani, kwenye kiwanja kile kilichokuwa kitupu pembeni ya nyumba ya matofali. Sijui kama mnakifahamu.

Tulikifahamu. Sote tulimtazama Bahati, na Bahati alikuwa anaangalia kibao cha Clarrie Voss.

— Huko juu hatutahitaji nguzo ndefu, aliendelea Bi Imogen. Fundi ameshamwaga saruji ya nguzo fupi, anasema ataikalisha chini, ngazi mbili tu. Na sikutumia pesa ya kutisha. Kiwanja, nyumba yenyewe na malori, vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya ile ya matofali. Upande mmoja wa veranda nitauziba, nitapata na chumba cha piano.

Mama Hien alikuwa ametoka na kahawa ya mgeni, akasimama nayo.

— Lakini kuna jambo moja limenishinda kulielewa, alisema Bi Imogen, na nadhani nyinyi wenyeji mnalijua. Yule mwenye nyumba, nimesikia ana mama mzee na watoto wadogo, na anahangaika kukopa ahamie Mlimani. Kiwanja kilikuwa na bango la kuuzwa mwaka mzima. Malori yapo. Kwa nini hakuipandisha nyumba yake mwenyewe?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi. Nimesikia pale sababu ya mwezi kuwa mwekundu, nimesikia njia tatu za kuponya bawasiri, na hakuna swali lililowahi kutushinda.  Nilimtazama Kimya. Kimya alimtazama Kifupi, na Kifupi alivua kofia yake, ile ile aliyoitundika kwenye bango, akaichungulia ndani.

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Sisi tumezaliwa na kuziona nyumba zikipita kona hii juu ya malori, nusu nusu, mapazia yakiwa yamefungwa vizuri. Kila moja ilikuwa inaondoka. Mwenyewe kauza, mwenyewe kafa, mto umemshinda, na nyumba inakwenda mashambani kwa tajiri wa mbali. Tunavua kofia kama jeneza linapopita. Katika maisha yetu yote hatujawahi kuona hata moja ikifika. Nadhani ndiyo maana.

Lakini maelezo hayo nimeyapata baadaye, na pale mbele ya Bi Imogen hayakuwepo. Aliyeongea ni Bahati.

— Mimi ndiye mwenyewe, mama. Pale kwenye kiwanja niliegesha pikapu.

Bi Imogen aliweka mkono mdomoni. Alianza kuomba radhi tena, sasa kwa kosa la kweli, akasema angejua asingenunua, akauliza kama kuna namna ya kuvunja mkataba. Bahati akamwambia hapana, hajafanya kosa lolote, malori yameshalipwa na nguzo fupi zimeshamwagiwa saruji. Alimwambia pia, bila kuombwa, kwamba dirisha la jikoni linanasa na lazima ulisukume kwa bega. Ule ustaarabu wake uliniuma kuliko angepiga kelele.

Gari la Janelle lilifika, likapiga honi mara moja. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, kwa ajili ya benki.

— Garth, twende, alisema kupitia dirishani. Nyinyi wazee mmemshauri nini tangu asubuhi?

Alimtazama Kimya, kwa kuwa wote humtazama Kimya wakiuliza. Lorraine Hackett alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia barabara. Kasi naye alikuwa ameshainuka, amevuka, yuko ng'ambo tayari anatembea kwa miguu mikubwa kuelekea uwanja wa maonyesho. Sijui alivuka saa ngapi.

— Wamesema nitie saini, alisema Bahati, akapanda gari.

Akatia. Jumatatu tulilibeba benchi sisi wenyewe tukaliweka ndani ya duka la Mama Hien, na nyumba ikapita kwa vipande viwili. Upande uliokatwa tuliona jiko lote, karatasi ya ukutani ya maua ya njano, na ile ndoano ambayo Bi Noreen alikuwa akifungia kamba ya kikapu. Tulivua kofia kwa mazoea. Kisha malori yakapinda kushika njia ya kupanda, tukazivaa tena, kwa sababu hatukujua tena adabu inasemaje.

Mvua zilikuja baada ya Krismasi kama kawaida yake. Mtaa wa Chini ukawa ziwa, nguzo za Bahati zikisimama ndani ya maji bila kitu juu yake. Mimi, Kimya na Kifupi tulipanda Mlimani na pai kumjulia hali Bi Noreen. Tukagonga nyumba ya matofali. Akafungua Janelle, akasema mama hayupo, nendeni hapo pembeni.

Alikuwa hapo pembeni. Alikuwa amekaa kwenye veranda yake ya zamani, kona yake ile ile, kwenye kiti kile kile cha jikoni, redio ikiwa miguuni pake. Bi Imogen alikuwa ndani anapiga piano na mmoja wa watoto. Wengine watatu waliingia na kutoka bila kubisha hodi, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha kubisha kwenye mlango ule. Bahati mwenyewe, akiwa bado na nguo za kazi, alikuwa analipiga bega dirisha la jikoni. Na kwenye ngazi, ambazo sasa ni mbili tu, alikuwa amekaa Kasi, ameosha shati, amefika kabla yetu.

Nilimwuliza Bi Noreen anaendeleaje na makazi mapya.

— Mazuri, Nywele, alisema. Nashuka mwenyewe mpaka bustanini na kurudi. Magoti hayana neno, mto naukodolea macho tu kutoka hapa. Ningejua ni rahisi hivi kunishusha nisingewatia watu hofu.

Akaitazama nyumba ya matofali kwa muda, vyumba vyake vinne vikiwa vimefungwa madirisha kwa sababu ya mvua, na hakuna mtu ndani ila Janelle.

— Ila mniambie kitu kimoja, alisema. Hiyo nyingine mlinunua ya nini?

Bahati aliacha dirisha. Mimi nilimtazama Kimya, Kimya akaanza kugawa pai.